UZI: Kabla ya Uhuru wetu, Mtanganyika alishaghani Kiswahili kwenye santuri ya jazi New York. Tuwajadili hawa wanamuziki, walikotoka na kazi zao

#1 Santuri_Nyeusi

Wakuu, habari za jioni.

Novemba 1960, Tanganyika ikiwa bado mikononi mwa Mwingereza, Mtanganyika mmoja aliingia studio jijini New York akaghani shairi kwa Kiswahili juu ya mlio wa ngoma. Waliomzunguka ni watu ambao leo ukiwataja mbele ya mpenzi yeyote wa jazi anakaa vizuri kwenye kiti: Max Roach, Clark Terry, Yusef Lateef, Freddie Hubbard, Ron Carter, Kenny Burrell, pamoja na mpiga ngoma wa Kinaijeria Babatunde Olatunji. Santuri ikaitwa Uhuru Afrika. Mwenye kazi alikuwa mpapasa kinanda Randy Weston, shairi ni la Langston Hughes, na sauti ya Kiswahili ni ya Tuntemeke Sanga. Ndiyo, yule yule ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa siasa zake za Makete.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila tunapokuta neno la Kiswahili kwenye jalada la santuri ya Mmarekani mweusi tunasema ni urembo tu, kama shanga shingoni. Nimesoma na kusikiliza habari za hawa watu kwa muda mrefu, na ninachokiona ni tofauti kabisa. Kiswahili kiliwafikia kupitia malezi: baba mwenye msimamo, mwalimu wa shule, jirani, mtoto wa rafiki. Na wengi waliokibeba hadharani walikilipia kwa riziki zao.

Nitakwenda kidogo kidogo, mtu mmoja mmoja. Mwenye nyongeza asisubiri nimalize.

#2 Zilipendwa_Daima

Mkuu, nimeweka kambi hapa. Habari ya mzee Sanga kwenye santuri ya jazi ndiyo kwanza naisikia leo, na redio nimeisikiliza tangu enzi za RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam. Shusha madini.

#3 Santuri_Nyeusi

Tuanze na Randy Weston mwenyewe.

Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 6 Aprili 1926. Baba yake, Frank Weston, alikuwa mzaliwa wa Panama mwenye asili ya Jamaika, mfuasi kwelikweli wa Marcus Garvey, yule Mjamaika aliyewahimiza watu weusi kujivunia Afrika. Alikuwa na mgahawa. Kuta za nyumbani alitundika ramani za Afrika na picha za wafalme wa Kiafrika, na kijana wake akamlea kwa kauli moja: wewe ni Mwafrika, ila umezaliwa Marekani. Fikirieni hiyo ni miaka ya 1930, wakati sinema na vitabu vya shule vilimwonyesha mtoto mweusi kwamba Afrika ni mahali pa kuonea aibu. Nyumba ile ilikuwa shule ya pili, tena yenye nguvu kuliko ile ya serikali.

Ni baba huyo huyo aliyemshurutisha kujifunza piano. Kijana alikuwa mrefu kupindukia, akaja kupita mita mbili, na akili yake ilikuwa kwenye michezo. Ila urefu ule ulikuja na mikono ya ajabu. Sikilizeni anavyopiga upande wa kushoto wa kinanda, zile nota nene za chini: anazigonga kama mtu anayepiga ngoma, halafu anaziacha zingurume mpaka ziishe zenyewe ndipo anaendelea.

Alipelekwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, akafika hadi Okinawa. Aliporudi akasimamia mgahawa wa baba yake, na usiku anakwenda kwa mpiga piano Thelonious Monk kusikiliza na kujifunza. Lakini Brooklyn ya wakati ule dawa za kulevya zilikuwa zinawamaliza wanamuziki, wengine rafiki zake wa karibu. Akaondoka, akaenda milima ya Berkshires huko Massachusetts, akafanya kazi za hoteli, jikoni na kuosha vyombo. Usiku anakaa kwenye piano. Huko ndiko alikokutana na msomi Marshall Stearns, aliyekuwa akifundisha historia ya jazi kwa kuanzia Afrika Magharibi na si New Orleans. Kwa Weston ilikuwa kama kumsikia baba yake akizungumza tena kupitia mdomo wa mtu mwingine. Mwaka 1954 kampuni ya Riverside ikamrekodi.

Sasa njooni 1960. Mataifa 17 ya Afrika yanapata uhuru mwaka huo mmoja. Weston anataka kutunga kazi kubwa ya kuusifu uhuru huo, na anataka lugha ya Kiafrika isikike ndani yake. Lugha ipi? Akawaendea Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa akawauliza. Wakamwambia: Kiswahili. Ndivyo Tuntemeke Sanga alivyoingia kwenye habari hii. Shairi la Hughes akalitia kwenye Kiswahili na akalighani mwenyewe.

Kazi ina sehemu nne. Ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza, ya mwisho Kucheza Blues. Ukiiweka kwa mara ya kwanza utasikia ngoma na sauti za watu kabla ya tarumbeta kuingia, na kwa sisi tunaozungumza lugha hii kuna kitu kinagusa moyo kusikia Kiswahili kile, kimetulia, hakina haraka, kikiwa kimezungukwa na vigogo wa New York.

Mwaka 1964 serikali ya makaburu ikaipiga marufuku Afrika Kusini. Walielewa vizuri sana kilichokuwa ndani.

#4 Bi_Mkubwa_Tanga

Hongera mwanangu kwa maelezo. Nina swali. Bendi kubwa namna hiyo, tarumbeta, tromboni, saksafoni, ngoma za Cuba na za Afrika, waimbaji na mghani, nani alizipanga zote zisigongane? Au Weston mwenyewe?

#5 Santuri_Nyeusi

Shikamoo Bi Mkubwa. Umegusa penyewe, na jibu ni mwanamke: Melba Liston. Uhuru Afrika imeandikwa nota kwa mkono wake.

Alizaliwa Kansas City mwaka 1926. Akiwa na miaka saba aliona tromboni dirishani dukani akaipenda, mama yake akamnunulia. Mkono wa mtoto wa miaka saba hauwezi kuivuta tromboni hadi mwisho, kwa hiyo alijifunza kwa kugeuza shingo ili mkono ufike. Familia ikahamia Los Angeles, akasoma shule ya Jefferson chini ya mwalimu Samuel Browne, ambaye mikono yake imepitisha wanajazi wengi wa mji ule. Akiwa na miaka 16 alishaajiriwa kwenye bendi ya ukumbi wa Lincoln, na baadaye akaingia bendi ya Gerald Wilson.

Halafu njia ikageuka. Mwaka 1949 alikwenda ziara ya majimbo ya kusini na mwimbaji Billie Holiday, ziara ikaharibika, hela ikakata njiani. Alirudi Los Angeles akaacha muziki wa kuzunguka, akafanya kazi ya ukarani kwenye bodi ya elimu. Mpangaji wa muziki wa kiwango kile, miaka kadhaa anapanga mafaili! Mpuliza tarumbeta Dizzy Gillespie ndiye aliyemtoa, akamwita kwenye bendi yake, na mwaka 1956 wakazunguka nchi za Mashariki ya Kati kwa udhamini wa serikali ya Marekani. Wapo wanaume bendini walionung'unika kwamba kwa nini aitwe mwanamke. Walipoziona karatasi za nota alizowaandikia wakanyamaza.

Na Weston walielewana mno. Yeye Weston alikuwa anampigia wimbo kwenye piano na kumweleza anachokitaka, Melba anauchukua na kuupa mwili: huku tarumbeta, kule filimbi, pale tromboni tatu zinajibu. Walianza na santuri ya Little Niles ya 1958 na wakaendelea hadi uzeeni. Katikati hapo alikwenda Jamaika miaka ya 1970 kufundisha muziki. Mwaka 1985 alipata kiharusi, hakuweza tena kupuliza tromboni, lakini aliendelea kupanga nota kwa msaada wa kompyuta. Santuri ya Weston ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, The Spirits of Our Ancestors, ni mpangilio wake akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki 1999.

Kwa haki kabisa jina la Melba lingekuwa mbele ya jalada la Uhuru Afrika sambamba na la Weston. Mimi hapo sina mjadala.

#6 hoja_kwa_hoja

Mkuu Santuri, nakuheshimu ila nina hoja. Weston nakubali, alikuwa na baba wa Garvey. Lakini baada yake miaka ya 1970 walijaa wanajazi wanaojiita majina ya Kiswahili. Mpiga kinanda Herbie Hancock eti Mwandishi. Yule ni bilionea wa muziki, hajaishi Tanga wala Mombasa, kesho yake akapiga disko na funk. Huo si urembo ni nini? Ni mtindo wa mavazi ya wakati ule, kama dashiki na afro.

#7 Santuri_Nyeusi

Hoja nzuri ndugu yangu, na ndiyo sababu ya uzi. Twende na Hancock basi, lakini lazima tuanze na aliyempa jina.

James Mtume. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1946, baba yake mzazi ni mpuliza saksafoni Jimmy Heath, wa ile familia ya kina Heath: Percy kwenye besi, Albert kwenye dramu. Kijana alikuwa muogeleaji hodari, akapata nafasi ya chuo Pasadena, California, kwa kuogelea. Huko Los Angeles akajiunga na US, shirika la Wamarekani weusi la Maulana Karenga, ambao ndio walioanzisha sikukuu yao ya Kwanzaa mwaka 1966. Watu wale walisoma Kiswahili darasani. Walikichagua kwa sababu si lugha ya kabila moja. Babu zao walitekwa kutoka makabila mengi, wakaona wachukue lugha ambayo Waafrika wa makabila mengi wanakutana nayo. Hoja hiyo hiyo ndiyo waliyoitoa wale wa Umoja wa Mataifa kwa Weston, na hawa wawili hawakuagizana.

Mwaka 1969 Mtume akatunga nyimbo, ami yake Albert Heath akaongoza rekodi, santuri ikaitwa Kawaida. Studio walikuwamo Hancock na mpiga besi Buster Williams. Mtume akawapa majina: Hancock akawa Mwandishi, Williams Mchezaji, ami yake Kuumba. Hancock alipounda bendi mpya, kila aliyeingia akapewa lake. Mpiga dramu Billy Hart, Jabali. Mpuliza klarineti ya besi Bennie Maupin, Mwile. Mpuliza tromboni Julian Priester, Pepo Mtoto. Mpuliza tarumbeta Eddie Henderson, Mganga, na hili nitalirudia.

Tuseme sasa Hancock mwenyewe ni nani. Mtoto wa Chicago, kazaliwa 12 Aprili 1940. Akiwa na miaka 11 alipiga Mozart pamoja na okestra kuu ya mji wake. Chuo cha Grinnell alianza na uhandisi wa umeme ndipo akahamia muziki. Aliporudi Chicago alikuwa anagawa barua za posta mchana na kupiga piano usiku, hadi mpuliza tarumbeta Donald Byrd alipomchukua kwenda New York. Mwaka 1963 akaingia bendi ya mpuliza tarumbeta Miles Davis, akakaa hapo miaka mitano na mpiga besi wake akiwa Ron Carter, yule wa Uhuru Afrika.

Na Priester je? Yeye amesoma shule ya DuSable, Chicago, kwa Kapteni Walter Dyett, mwalimu aliyezalisha wanajazi kama kiwanda. Akapiga na bendi ya Sun Ra, na mwaka 1960 alikuwa na Max Roach kwenye kazi yao ya kudai uhuru wa watu weusi, miezi michache tu kabla Roach hajaingia studio na Weston. Watu ni wale wale. Kiswahili kilipita kati yao kama habari inavyopita kwenye ukoo.

Tarehe 31 Desemba 1970 wakawa San Francisco kurekodi. Kipande cha kwanza wakakitoa kwa ajili ya Angela Davis, mwanaharakati wa haki za watu weusi aliyekuwa gerezani wakati huo akingoja kesi. Wekeni headphone msikilize besi ya mwanzo. Inazunguka kwa mapigo 15. Mwili wako umezoea 16, kwa hiyo ukihesabu kawaida utakuta wenzako wameshaanza mzunguko mpya na wewe bado una pigo moja mkononi. Inakukosesha utulivu dakika kumi na zaidi, klarineti ya besi ikitambaa chini yake, na wao wenyewe wamestarehe kama wanapiga chakacha. Mtu anayetafuta urembo wa kuuzia santuri hafanyi hivyo.

#8 Zilipendwa_Daima

Mganga, mkuu. Umetuacha hewani.

#9 Santuri_Nyeusi

Haha, sijasahau. Eddie Henderson ni daktari. Daktari wa hospitali, si wa jina.

Mama yake alikuwa mnenguaji wa Cotton Club, ukumbi wa New York, baba yake mwimbaji. Akiwa mtoto wa miaka tisa, Louis Armstrong alimwonyesha jinsi ya kushika midomo kwenye tarumbeta, kwa sababu ya kujuana na mama. Baba alifariki mapema. Mama akaolewa na daktari wa San Francisco, na nyumba ile Miles Davis alikuwa anafikia akija mjini. Kijana akakua na njia mbili mbele yake na hakuacha hata moja. Alisoma Berkeley, akamaliza udaktari chuo kikuu cha Howard mwaka 1968, akawa kwenye mafunzo ya magonjwa ya akili San Francisco wakati Hancock alipomhitaji mpuliza tarumbeta kwa wiki moja tu. Wiki ikawa miaka mitatu. Bendi ilipokufa alirudi kutibu wagonjwa katika zahanati na kupiga muziki kwa wakati mmoja, kwa takribani miaka kumi.

#10 nyatiti_254

Wadau, naomba niingize la kwetu Kenya kwa sababu naona kuna kitu kinafanana.

Ayub Ogada, jina la kwanza Job Seda, alizaliwa Mombasa 1956. Wazazi wake walikuwa wanamuziki, na utotoni waliwahi kuishi naye Marekani. Akawa mmoja wa walioanzisha African Heritage Band hapa Nairobi mwaka 1979, akaigiza pia kwenye filamu kubwa za wageni zilizopigwa Kenya, Out of Africa ikiwemo. Mwaka 1986 akabeba nyatiti yake, kile kinubi cha Waluo, akaenda Uingereza. Alipiga kwenye vijia vya treni za chini ya ardhi London, kofia chini, watu wanapita. Hapo ndipo watu wa tamasha la WOMAD walipomkuta, mwaka 1988 akapanda jukwaani kwao, na mwaka 1993 kampuni ya Real World ikatoa En Mana Kuoyo. Ndani kuna Kothbiro, ule wimbo ulioingia kwenye filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005 na baadaye Kanye West akauchukua mwaka 2018.

Ninachotaka kusema: yeye pia alifika kwa nyatiti ya wazee baada ya kupitia bendi za umeme na jina la Kizungu. Akaacha Job, akashika Ayub na Ogada. Mwaka 2007 akarudi nyumbani, akafariki Kisumu upande wa Nyahera tarehe 1 Februari 2019. Wengi hapa Kenya walijua wimbo kutoka kwa filamu kabla ya kujua kwamba mwenyewe anaishi kwao.

#11 Santuri_Nyeusi

Nyatiti_254, umeongeza uzito kweli. Na Weston alifanya safari ya namna hiyo hiyo kwa upande wake. Alikwenda Nigeria 1961, akarudi 1963, mwaka 1967 akazungushwa nchi 14 za Afrika kwa ziara ya serikali yao, mwisho wa safari ukiwa Morocco. Akahamia huko na watoto wake. Akafungua klabu Tangier, akaiita African Rhythms, na akakaa na mafundi wa Kignawa, wale ambao babu zao walivushwa jangwa utumwani kutoka Afrika Magharibi. Alikaa nao kusikiliza gimbri, gambusi lao la sauti nene, na makofi yao ya chuma usiku mzima, na muziki ule haukumtoka tena mpaka anafariki Brooklyn tarehe 1 Septemba 2018, akiwa na miaka 92. Siku hizi kila mtu anachanganya jazi na Gnawa. Yeye aliwakuta wakati Wamorocco wengi wenye nafasi waliwaona wale mafundi ni ombaomba wa barabarani.

#12 hoja_kwa_hoja

Sawa mkuu, umenisogeza. Lakini hujajibu la hela. Hancock alitajirika.

#13 Santuri_Nyeusi

Alitajirika, ndiyo. Lakini si kwa bendi ya Mwandishi.

Ukweli ni kwamba bendi ile ilikuwa inamla. Watu sita jukwaani, baadaye saba alipoongezeka Patrick Gleeson wa vinanda vya elektroniki, na mizigo ya vyombo kila mji. Kumbi za jazi ni ndogo, muziki wenyewe kipande kimoja kinapita nusu saa jukwaani, redio hazipigi. Santuri mbili za Warner, Mwandishi ya 1971 na Crossings ya 1972, hazikuuza. Kampuni ikaachana nao. Wakahamia Columbia wakatoa Sextant mwaka 1973, nayo vile vile. Wakati wote huo mishahara ya wenzake Hancock alikuwa anaijazia kwa mirabaha yake ya zamani, hasa ya Watermelon Man, wimbo alioutunga akiwa na miaka 22 na Mongo Santamaría akaufanya uvume. Yaani wimbo wa mwuza matikiti wa Chicago ndio uliolisha bendi yenye majina ya Kiswahili.

Mwaka huo huo wa 1973 akaivunja, akaunda bendi ya funk, akabaki na Maupin peke yake. Head Hunters ikatoka, ikaja kupita nakala 1,000,000. Kwa hiyo kaka, mpangilio ni kinyume na ulivyosema: utajiri ulikuja alipoliweka jina kando. Simlaumu; alikuwa na familia na madeni. Ila miaka mitatu aliyolibeba alilipia mfukoni mwake, na hiyo kwangu ndiyo tofauti kati ya imani na mavazi.

Tena wengine hawakuliweka kando. Priester alipotoa santuri yake kwa kampuni ya ECM mwaka 1974, jalada limeandikwa Julian Priester Pepo Mtoto. Billy Hart wenzake bado wanamwita Jabali. Mtume ndiye aliyefika mbali zaidi kwa umaarufu: alikuwa na Miles Davis hadi 1975, kisha akaunda kundi lake, likaitwa Mtume, na mwaka 1983 wakatoa Juicy Fruit, ambayo miaka 11 baadaye rapa Notorious B.I.G. aliitumia kutengeneza wimbo wake Juicy. Vijana wanaocheza wimbo ule kwenye kumbi za Dar na Nairobi wanacheza juu ya kazi ya mtu aliyejiita Mtume tangu ujana wake na akafa nalo jina hilo tarehe 9 Januari 2022.

#14 Bi_Mkubwa_Tanga

Mwanangu na huyo anayeitwa Ndugu ni nani? Nimeona jina lake kwenye santuri ya marehemu mume wangu, Ndugu Chancler.

#15 Santuri_Nyeusi

Bi Mkubwa, marehemu alikuwa na masikio, Mungu amrehemu.

Leon Ndugu Chancler, mzaliwa wa Louisiana, akakulia Los Angeles. Siku ile ya mwisho ya 1970 alikuwa na miaka 18, na Hancock akamwita aongeze dramu ya pili kwenye kile kipande cha Angela Davis. Akaendelea kwa Miles, kwa bendi ya Weather Report, kwa Santana, na mwisho akafundisha chuo kikuu cha Southern California. Alifariki Februari 2018.

Lakini hata asiyewahi kusikia jazi anamjua. Mwaka 1982 aliingia studio kupiga dramu za Billie Jean ya Michael Jackson. Ule mdundo wa mwanzo kabisa, kabla ya besi, dum-ta, dum-ta, sawasawa kama saa, ni mkono wa Ndugu.

#16 mtoto_wa_ukinga

Wakuu nimesoma uzi mzima mara mbili. Mimi ni wa Makete. Mzee Tuntemeke kwetu ni jina kubwa, wazee wanamtaja kwa ubishi wake wa hoja na kutoogopa mtu. Lakini sijawahi kumsikia hata mmoja akisema habari ya New York na santuri. Hata mmoja. Nimeitafuta Uhuru Afrika nikaisikiliza na mama yangu kwa simu, akaniambia rudia, rudia, rudia.

#17 Santuri_Nyeusi

Ndugu yangu umenifurahisha kupita maelezo.

Sasa nakuomba kazi, na ninyi nyote mlio na watu Makete, Njombe na Iringa. Kaeni na wazee waliomjua, mkiwa na simu ya kurekodi. Waulizeni alisema nini kuhusu miaka ile ya Marekani. Waulizeni kama aliwahi kurudi na nakala ya santuri, na kama iko nyumba ya nani. Waulizeni pia kama aliwahi kueleza kwa nini alichagua maneno aliyoyachagua katika kulitia Kiswahili shairi la Hughes, maana mtu wa Ukinga aliyebeba Kiswahili mbele ya Max Roach alikuwa na fikra zake juu ya hilo. Weston aliandika kitabu kuhusu maisha yake na akahojiwa mara nyingi, Melba ameandikiwa na wasomi, kumbukumbu za Hancock zipo. Wa kwetu ndiye ambaye hajaandikiwa.

Na nyie wa redio mnaopita humu kimya kimya: ikifika tarehe 9 Desemba, kabla ya gwaride na hotuba, ipigeni Uhuru Kwanza, mtaje na jina la aliyeghani. Ipo, inapatikana, haizidi muda wa taarifa ya habari.

Mtoto wa Ukinga, ukipata chochote kilete hapa hapa. Nitakuwa nafungua uzi kila jioni.